Ahadi ni deni, lakini kazini mara nyingi hulipwa na mwingine



Kila siku kazini tunatoa ahadi nyingi, na mara nyingi hatujui hata kwamba tumeahidi. Kapita anauliza: "Kazi hii itakwisha leo?" Unajibu: "Itakwisha, shefu." Mwenzako anapanda ngazi na kusema: "Unishikie hapo chini." Unajibu: "Panda tu, niko hapa." Fundi wa umeme anakuambia: "Usiwashe mashine mpaka nirudi." Unajibu: "Hakuna neno." Asubuhi mama watoto anauliza utarudi saa ngapi, nawe unajibu ukiwa umekwisha kufika mlangoni: "Mapema."

Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna shahidi aliyeitwa. Lakini kila jibu la namna hiyo ni ahadi, na kila ahadi ina mtu anayeiegemea, kama vile dari ya shimo inavyoegemea nguzo. Nguzo ikiwa imeoza ndani, dari haijui. Itaendelea kuiegemea mpaka siku itakapoanguka.

Wazee walisema ya kwamba ahadi ni deni. Ni kweli. Lakini deni la sokoni hulipwa na yule aliyekopa. Deni la ahadi ya kazini mara nyingi hulipwa na mtu mwingine: aliye juu ya ngazi, aliye chini ya shimo, aliyelala kitandani akingoja dawa. Kwa hiyo habari ya leo si habari ya tabia njema tu. Ni habari ya usalama na ya afya, sawasawa na kofia ngumu, viatu vya kazi na maji safi ya kunywa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Si vizuri muganga afundishe watu kuhusu vidonda vyao huku akifunika cha kwake.

AHADI YANGU YA RUMANGABO

Wengi wenu mnaifahamu Rumangabo. Iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kiasi cha kilometa 40 kutoka Goma, pale penye makao makuu ya Parki ya Virunga. Mwezi wa tano wa mwaka 2021 nilikuwa huko, nikitunza chumba kidogo cha dawa kwa ajili ya wafanyakazi walio likizo na familia zao.

Kati ya watu wangu alikuwako Papa mmoja, fundi wa pampu, mwenye ugonjwa wa kisukari. Yeye ni wa wale wanaohitaji sindano ya insulini kila siku. Siku ya Ijumaa, tarehe 21, alikuja akaniambia: "Muganga, chupa yangu inakwisha. Imebaki dawa ya siku mbili, tatu kwa shida."

Nikafungua frigo. Ilikuwa tupu. Lakini nilijua ya kwamba tumekwisha kuagiza dawa Goma, na gari lilikuwa lifike mwanzoni mwa juma. Nikamjibu: "Papa, usiwe na wasiwasi. Jumatatu utapata."

Akaniuliza tena: "Jumatatu kweli? Maana nilikuwa nimekwisha kusema na mtu wa pikipiki anipeleke Rutshuru kesho, nikatafute hospitalini."

Nikasema: "Usipoteze pesa ya pikipiki, Papa. Jumatatu."

Akaenda zake akiwa ametulia. Nami nilifurahi, maana nilidhani nimemsaidia.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 22, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Kutoka Rumangabo tuliona mbingu ya upande wa Goma ikiwa nyekundu kama kaa la moto. Lava ilishuka mpaka kwenye mitaa ya pembeni ya mji, ikateketeza nyumba nyingi, ikaikata barabara ya Goma na Rutshuru. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Familia zilitawanyika, watoto walipoteana na wazazi wao, na kila mtu alikuwa mbioni. Tarehe 27 serikali iliamuru watu wa sehemu kubwa ya Goma waondoke mjini.

Jumatatu ilifika, gari halikufika. Jumanne vilevile. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengi mlangoni, na kila nilipomkumbuka yule Papa nilijiambia: "Yeye mwenyewe ameuona moto. Anajua ya kwamba gari haliwezi kuja." Kumbe naye nyumbani kwake alikuwa akijiambia neno lingine: "Muganga ameahidi. Kama jambo lingebadilika, angenitumia mtu." Akawa anapunguza dawa: nusu ya sindano, kisha nusu ya nusu, ili imfikishe kwenye siku yangu.

Jumatano asubuhi binti yake alikuja akikimbia. Tulimkuta Papa ametapika usiku kucha, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ukimwita, alifumbua macho na kuyafumba tena. Tulimweka juu ya pikipiki kati ya dereva na mimi, nikimshikilia kwa mikono miwili, tukaenda Rutshuru. Hospitalini walimpa maji kwa mshipa na insulini. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini alilala huko siku tisa, na ilipita miezi kabla hajarudi kwenye pampu zake.

Nilipokwenda kumwomba msamaha hakunikasirikia. Aliniambia neno moja tu: "Muganga, moto wa mlima hukuuwasha wewe. Lakini barabara ya Rutshuru ilikuwa wazi."

Neno hilo sijalisahau. Lava ilikata barabara upande wa kusini, kwenda Goma. Upande wa kaskazini, kwenda Rutshuru, hapakuwa na lava hata jiwe moja. Barabara ile niliifunga mimi, kwa ahadi yangu.

Nimelifikiri sana jambo hili, na naona makosa matatu. Kwanza, niliahidi kitu kisichokuwa mkononi mwangu: gari si langu, dereva si wangu, barabara si yangu. Pili, sikumwambia afanye nini kama Jumatatu itapita bure. Tatu, nilipojua ya kwamba neno langu limevunjika, sikumtuma mtu kumwambia. Na hilo la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, maana hata siku ya Jumatatu bado tulikuwa na nafasi ya kumwokoa na mateso yale.

Ninyi wenye kisukari wa sindano, shikeni hili: usipunguze insulini kwa shauri lako mwenyewe, hata ukiwa mgonjwa na huna hamu ya kula. Ukiona kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kutapika, kupumua kwa haraka au usingizi usio wa kawaida, usingoje ahadi ya mtu ye yote. Nenda hospitali siku ile ile. Na dawa ikibaki ya majuma mawili, ndiyo siku ya kuanza kutafuta nyingine.

AJALI KUBWA HUTANGULIWA NA NENO DOGO

Labda utasema: hayo ni mambo ya dawa, sisi tuko kwenye mawe na mashine. Basi tuangalie mambo ya mawe na mashine.

Tarehe 8 mwezi wa nane, mwaka 1956, katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, huko Marcinelle nchini Ubelgiji, mfanyakazi alikuwa akipakia magari madogo ya makaa katika kizimba cha kupandishia, kwenye mita 975 chini ya ardhi. Gari moja likakwama: nusu ndani, nusu nje. Aliye chini aliamini kwamba kizimba hakitaondoka. Walio juu waliamini kwamba kila kitu ki tayari. Kizimba kikaondoka. Gari lililotokeza nje likagonga boriti, likakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa. Moto ukawaka, moshi ukajaa njia zote za mgodi. Watu 262 walikufa. Zaidi ya nusu yao walikuwa Waitalia, watu waliotoka kwao kutafuta kazi, kama sisi tunavyotoka kwetu.

Ona vizuri: hakuna aliyetaka ubaya. Aliye chini na walio juu walifikiri wamepatana, lakini kila mmoja alishika maana yake. Ahadi isiyoeleweka sawasawa na pande mbili ni hatari kuliko kutoahidi kabisa.

Mfano wa pili. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa saba, mwaka 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi lililoitwa Piper Alpha, katikati ya bahari upande wa Uskoti, pampu moja ilisimama. Watu wa posti ya usiku wakawasha pampu ya pili. Hawakujua ya kwamba mchana mafundi walikuwa wameitoa vali yake ya usalama ili kuitengeneza, kazi haikumalizika, wakaziba tundu kwa kifuniko cha chuma wapate kuendelea kesho yake. Karatasi ya kazi ile haikuwafikia watu wa usiku. Gesi ikatoka, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Ndugu, "nitamaliza kesho" ni ahadi. Lakini ikiwa anayeshika kazi baada yako hajui, basi hukumwahidi mtu ye yote. Umeacha mtego tu.

AHADI NNE ZINAZOTUUMIZA

Katika dispanseri ninaona majeraha, na kila jeraha lina hadithi yake. Nikisikiliza vizuri, mara nyingi nyuma ya hadithi nakuta ahadi moja kati ya hizi nne.

Ya kwanza: "Itakwisha leo." Mtu ameahidi kiasi fulani cha mawe au saa fulani ya kumaliza. Saa inakaribia, kazi bado. Ndipo anapoanza kukata njia: anaondoa kizuizi cha mashine kwa sababu kinamchelewesha, anaacha kuweka nguzo, anaingia chini ya jiwe lililopasuka "dakika mbili tu". Tena kuna vitu ambavyo hakuna binadamu anayeweza kuviahidi. Mvua ni kimoja. Tarehe 11 mwezi wa tisa, mwaka 2020, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilileta maji ndani ya machimbo ya dhahabu, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa humo. Maji hayaulizi kama umebakiza gunia moja. Wingu likifunga, ahadi ya mawe imekwisha. Watu watoke kwanza.

Ya pili: "Niko hapa, sitawasha." Ahadi hii huvunjwa na watu wema. Umesimama kwenye swichi, mwenzako ameingiza mikono ndani ya mashine. Mtu anakuita: "Njoo kidogo." Unakwenda kidogo. Mwingine anapita, anakuta mashine imezimwa, anaiwasha. Kwa sababu hiyo mdomo hautoshi mahali hapa. Kila fundi aweke kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo akae nao mfukoni mwake. Kama mafundi ni watatu, makufuli ni matatu. Kufuli haliitwi na mtu, halisikii njaa, halisahau. Na kama umekubali kumshikia mtu ngazi au kamba, kazi yako ni hiyo moja mpaka ashuke. Ukiitwa, jibu: "Nimemshikilia mtu." Hakuna mkubwa mwenye akili atakayekukasirikia.

Ya tatu: "Nitafanya posti mbili." Najua sababu zake: pesa za shule, kodi ya nyumba, msiba. Lakini mwili una hesabu yake. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono yake na akili yake huchelewa kama za mtu aliyekunywa pombe, ingawa hajaonja hata tone. Anaona jiwe likianguka, lakini mguu unachelewa kuondoka. Anasoma namba vibaya. Anasinzia juu ya usukani akiwa na watu nyuma. Unapomwahidi kapita posti mbili, unaahidi mwili ambao saa ile hutakuwa nao.

Ya nne: "Sitasema kwa mtu." Mwenzako amekanyaga msumari wenye kutu, anaogopa kupoteza siku ya kazi, anakuomba umfichie. Nawe kwa urafiki unaahidi. Lakini pepopunda haijui urafiki. Mara nyingi huonekana kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kuumia: taya linakuwa gumu, shingo na mgongo vinakaza, kumeza kunakuwa kugumu, na wengi hufa. Dawa ya kuzuia ni ndogo: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, njoo dispanseri siku ile ile, tuangalie kama chanjo yako bado ina nguvu. Vilevile dereva au mtu wa kazi ya juu aliyeanguka kwa kizunguzungu au kwa kifafa: ukificha, unaficha hatari ya watu wote walio chini yake. Usikubali kufunga siri kabla ya kujua ni siri gani. Mtu akikuambia, "Niahidi kwanza, kisha nikuambie," jibu: "Niambie kwanza. Nitakusaidia, lakini siwezi kuahidi nisichokijua."

Na sisi waganga tunashika siri za wagonjwa; ndiyo sheria ya kazi yetu. Usiogope kuja. Tukiona kazi yako inaweza kukuua au kuua wengine, tutazungumza nawe kwanza, uso kwa uso, tutafute kazi nyingine inayokufaa mpaka upone.

KABLA YA KUSEMA NDIYO

Sisemi tusiahidi tena. Kazi haiwezi kwenda bila ahadi. Hata ekipi ni watu walioahidiana. Nasema tuipime ahadi kama tunavyoipima nguzo kabla ya kuiweka. Jiulize maneno haya matano:

1. Je, jambo hili liko mkononi mwangu? Kama linategemea gari, mvua, ghala au mtu mwingine, sema hivyo waziwazi.

2. Je, tumeelewana? Mwombe mwenzako arudie kwa maneno yake mwenyewe. "Umesikia?" haitoshi, maana kila mtu atajibu "ndiyo." Uliza: "Nimesema nini?"

3. Je, nina muda, nguvu na vyombo vya kuifanya salama? Kama kimoja kinapungua, ahadi yako nayo ipungue.

4. Je, nani ataumia nikishindwa? Kama jibu ni mtu mwingine, fikiri mara mbili.

5. Je, afanye nini kama neno langu halikutimia? Mwambie leo, si siku ile. Mimi nilipaswa kumwambia yule Papa hivi: "Ninatumaini gari litafika Jumatatu, lakini siwezi kulijibia. Nenda Rutshuru kesho kama ulivyopanga. Kama dawa itafika hapa, utakuwa nayo ya akiba." Maneno machache tu, na yangemwokoa.

Jifunze kutenganisha "ninatumaini" na "ninaahidi". Wengi wetu tunaona haya kusema "sijui" mbele ya mkubwa au mbele ya mgonjwa. Lakini "sijui, nitauliza, nitakuletea jibu saa nane" ni neno la mtu mzima. Ni ahadi ndogo, na unaweza kuitimiza.

AHADI IKIVUNJIKA

Hata mtu mwangalifu, siku moja neno lake litavunjika. Gari litaharibika, mtoto ataugua, mlima utapasuka. Kosa si hapo. Kosa ni kunyamaza.

Mara tu unapoona kwamba hutatimiza, mjulishe yule aliyekuegemea, kabla ya saa yenyewe kufika. Usimngoje akuulize. Usiseme moyoni "atajua mwenyewe", maana yeye naye moyoni anasema "angeniambia." Kama huwezi kufika, tuma mtu, piga simu, andika karatasi. Sema mambo matatu: nini kimeshindikana, umeacha kazi katika hali gani, na afanye nini sasa.

Wakati wa kubadilishana posti, usitoke kabla ya kumwona kwa macho yule anayekupokea. Nenda naye mpaka kwenye mashine, mwonyeshe kwa kidole: hapa pamekwisha, hapa bado, hapa usiguse. Kisha andikeni katika kitabu cha posti. Dakika tano za mwisho wa kazi si dakika za kuvua viatu. Katika dakika hizo unaweka uhai wa mwenzako mkononi mwake.

KWA MAKAPITA NA WAKUBWA WA EKIPI

Ninyi mnaweza kuzalisha ahadi za uongo bila kujua. Mkubwa akimtukana kila anayesema "haitawezekana", baada ya juma moja hatasikia tena neno hilo. Atasikia "ndiyo, shefu" tu, na atadhani kazi inakwenda vizuri mpaka siku ya ajali. Kwa hiyo, mtu akikuambia mapema ya kwamba kazi haitakwisha, mshukuru. Amekupa nafasi ya kupanga upya.

Tena na ninyi mwaangalie yale mnayoahidi. "Viatu vipya vinakuja mwezi ujao," "nguzo zitaletwa kesho," "tutatengeneza taa ile." Mfanyakazi anayeingia gizani kwa sababu taa imeahidiwa anaangazwa na neno lako tu. Kama taa haipo, kazi ya mahali pale ingoje taa.

NA NYUMBANI

Mama, nawe una nafasi yako katika usalama wa kazi. Mume akisema atarudi saa kumi na mbili, kisha akachelewa, usimpokee kwa maneno makali kabla ya kujua. Mtu anayeogopa maneno ya mlangoni hukimbiza pikipiki barabarani, tena usiku. Kubalianeni afadhali hivi: "Nikimaliza salama nitarudi, nikichelewa nitatuma habari." Hesabu ya pesa nayo ifanyeni pamoja, ili asilazimike kuahidi posti mbili kwa ajili ya deni ambalo wewe hulijui.

Na wagonjwa wenye dawa za kila siku, kama za kisukari, za kifafa, za presha au za kifua kikuu, mtu mmoja nyumbani ahesabu dawa kila Jumapili. Yule binti wa Rumangabo siku hizi ndiye anayehesabu chupa za baba yake. Ikibaki ya majuma mawili, anakuja kuniuliza. Nikimjibu "nadhani itafika", ananiangalia tu, kisha anapanga safari ya Rutshuru. Anafanya vizuri. Nami sijamwambia tena mtu ye yote asipoteze pesa ya pikipiki.

Ndugu wafanyakazi, kesho asubuhi mkifika kazini, mtu wa kwanza atakayewaomba neno, ngojeni kidogo kabla ya kujibu. Mwangalieni usoni. Yeye ndiye atakayesimama juu ya ngazi ile. Kisha mjibu lile mnaloweza kulitimiza, wala si zaidi.